Vitz, IST au Passo: soma namba ya chesisi kabla hujasikia bei

Mtu akikwambia anauza Vitz, bado hajakwambia anauza nini. Jina hilo limebeba matoleo matatu na injini zisizopungua saba: nyengine za pistoni tatu, nyengine za nne, nyengine zenye gia otomatiki ya kawaida, nyengine CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia. IST ziko mbili zisizofanana. Passo ziko tatu. Na majina hayo hayatenganishi injini, kwani injini ya Passo utaikuta ndani ya Vitz, na ya IST utaikuta pia ndani ya Vitz, ila ni Vitz nyengine.

Ndiyo maana ulinganisho huu haufuati jina lililobandikwa kwenye buti. Unafuata injini kwanza, giaboksi pili, bodi tatu, ingawa hapa visiwani naiogopa kutu kuliko injini yoyote, na nitaeleza kwa nini. Nimezichukua gari hizi tatu kwa sababu ndizo zinazotajwa kila familia ya Unguja au Pemba inapotafuta gari ya kwanza: ya kupeleka watoto skuli na chuoni, kwenda sokoni, na kutoka kwenda shamba kwa jamaa siku ya Jumapili.

Herufi tatu za mwanzo

Fungua boneti utazame ukuta wa bati ulio nyuma ya injini, upande wa dashibodi. Kuna kibati kilichopigwa namba. Kwa Vitz na IST, herufi tatu za mwanzo zinakutosha. KSP ni injini ya KR, pistoni tatu. SCP ni SZ. NCP ni NZ. NSP ni NR. IST ya toleo la pili ina pia ZSP, ambayo ni ya lita 1.8. Kwa Passo za matoleo mawili ya mwanzo herufi zinabadilika: KGC ni ile ile KR ya pistoni tatu, QNC ni K3 ya 1.3, na NGC ni NR.

Dalali hatakusomea herufi hizi. Yeye atakwambia “cc 990” au “cc 1290”, halafu ataongeza: “Ami, gari ya mwanamke hii, haijawahi kwenda shamba.” Hiyo cc huwa kweli, lakini haitoshi. Katika gari hizi tatu mna injini nne za 1.3 zilizotoka kwenye familia nne, na tabia zao hazifanani. Ukiwa na shaka, ondoa kifuniko cha plastiki juu ya injini uhesabu koili za plagi. Koili tatu, pistoni tatu. Kama kadi inasema SCP na juu ya injini kuna koili tatu, basi injini hiyo si iliyotoka nayo Japani. Zungumzeni hilo kabla ya bei.

Vitz ya kwanza: injini haina neno

Ilitoka Japani Januari 1999. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na Ulaya ikauzwa kwa jina la Yaris, ikachukua tuzo ya Gari ya Mwaka ya Ulaya ya 2000. Utaitambua kwa mita zake za dijitali zilizokaa katikati ya dashibodi, si mbele ya dereva. Ndogo ni SCP10 yenye injini ya 1SZ-FE, cc 997, nguvu za farasi 70. NCP10 ina 2NZ-FE, cc 1298. Baadaye ikaja SCP13 yenye 2SZ-FE, na kuna RS ya 1.5, NCP13, ambayo vijana wanaipenda kwa sababu zao.

Zote zina cheni ya taimingi, hakuna belti ya kubadilisha, na otomatiki zake nyingi ni za gia nne za kawaida. Kimashine ni gari isiyomchosha fundi. Tatizo ni umri: hata iliyo changa kabisa ilitoka kiwandani mwaka 2005. Ukiipata yenye bodi nzima, chukua. Lakini inua kapeti la buti, toa tairi la akiba, na uone bati la chini kwa macho yako. Nzuri mbili tatu bado zipo, hasa kwa watu wazima walionunua zamani na hawakuzitembeza sana.

Vitz ya pili: hapa ndipo penye uamuzi

Toleo hili lilianza Februari 2005 likaisha mwisho wa 2010, na hapa wanunuzi wengi wanakwenda kichwakichwa, maana kwa nje KSP90 na SCP90 ni gari moja. Rangi moja, taa moja, viti sawasawa.

KSP90 ina 1KR-FE: cc 996, pistoni tatu, farasi 71. Injini hii ilitengenezwa na Daihatsu, ni ya aluminiamu, nyepesi, uzito wake kama kilo 70 hivi, na katika tuzo za kimataifa za injini ilishinda kundi la chini ya lita moja miaka minne mfululizo, 2007 hadi 2010. Si injini ya kudharauliwa. Ila haina shafti ya kusawazisha, na pistoni tatu kwa asili yake haziko sawa kama nne. Washa kiyoyozi gari ikiwa imesimama na utahisi usukani unatetemeka. Kidogo ni kawaida yake. Ukiona kioo cha ndani kinacheza mpaka huwezi kusoma namba ya gari iliyo nyuma yako, hapo mpira wa kushikia injini umekufa au koili moja haifanyi kazi.

SCP90 ina 2SZ-FE: cc 1296, pistoni nne, farasi 87. Inatulia zaidi, inavuta zaidi, na kwenye barabara ya Nungwi ukiwa na watu watano hutaomba dua kila unapotaka kulipita daladala. Lakini imefungwa CVT, wakati KSP90 ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Kwa hiyo uchaguzi si wa injini dhaifu na injini kali tu. Ni injini dhaifu yenye giaboksi rahisi, kwa injini bora yenye giaboksi inayotaka matunzo.

Na mimi naipima hivi. Kama gari inazunguka mjini tu, kutoka Bububu kuja Darajani, Darajani kwenda Kisauni, mtu mmoja mpaka watatu ndani, KSP90 inatosha na inabakisha fedha ya mafuta. Unguja ni tambarare. Kilima cha Masingini ndiyo kama paa la kisiwa na hakifiki mita 150. Ukiwa unatoka kila wiki kwenda Makunduchi au Mkokotoni na familia nzima na mizigo ya jamaa, chukua SCP90, kwa sharti la kuwa CVT yake imepimwa.

Tatizo la 1KR ni oili. Inachukua kiasi cha lita tatu tu, na kwa injini yenye tumbo dogo hivyo, nusu lita ikipungua ni sehemu kubwa. Mtu aliyezoea injini ya Carina ya zamani, anayetia oili akikumbuka, ataiua 1KR bila ya kujua. Kwanza ringi zinakwama, halafu gari inaanza kula oili, halafu cheni inapiga kelele asubuhi. Wota pampu nayo huvuja ikizeeka. Tafuta alama ya waridi iliyokauka upande wa mabelti. 2SZ haina huruma pia kwa mwenye kuchelewesha oili: cheni yake hulegea, na ikilegea sana huruka meno.

Kuna Vitz nyengine katika toleo hili hili la pili ambayo watu hawaitafuti, nami naona wanapoteza: NCP95. Hii ni ya magurudumu manne, ina 2NZ-FE ya 1.3, na giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida. Maana yake unapata pistoni nne bila CVT. Kwa Pemba ni jambo la kufikiriwa. Lakini gari ya magurudumu manne ya Japani mara nyingi imetoka kwenye mikoa ya theluji, Hokkaido na kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Unaweza kuletewa gari yenye injini nzuri na tumbo lililokwisha kuliwa na kutu kabla haijafika bandari ya Malindi, Unguja. Ipandishe juu uitazame chini, au iache.

Vitz ya tatu: 1.3 inakula kidogo kuliko 1.0

Ilianza Desemba 2010. KSP130 imebaki na 1KR, NSP130 ina 1NR-FE ya cc 1329 yenye farasi 95, na NCP131 ina 1NZ ya 1.5. Otomatiki zote ni CVT, kwa hiyo ile hoja ya “chukua 1.0 upate giaboksi ya kawaida” imekufa hapa.

Aprili 2014 ikafanyiwa mabadiliko makubwa. Sura ikawa kali, pua imechongoka, na 1.3 ikapata injini mpya, 1NR-FKE, inayofuata mzunguko wa Atkinson, mpangilio wa vali unaookoa mafuta, kwa mgandamizo wa 13.5 kwa 1. Toyota walitangaza kuwa inageuza hadi asilimia 38 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, na kwa injini ya petroli isiyo ya haibridi hicho kilikuwa kiwango cha juu sana. Kipimo cha Kijapani kiliipa kilomita 25.0 kwa lita, wakati 1.0 yenye mfumo wa kujizima ilipewa 24.0. Ndiyo, kubwa inakula kidogo kuliko ndogo. Huku kwetu hakuna atakayefika namba hizo, kwa joto hili na kiyoyozi muda wote, lakini zinaonyesha kuwa mwaka 2014 na kuendelea hakuna tena sababu ya kukimbilia 1.0 kwa ajili ya mafuta. Bei ya petroli inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya nishati na maji ya Zanzibar, inatuuma sote sawasawa.

Kasoro yake: mfumo wa kujizima unapofika kwenye taa au foleni unataka betri yake maalumu, ghali kuliko ya kawaida. Wengi wanaweka betri ya kawaida na mfumo unalala wenyewe. Gari inatembea, lakini ujue kuwa ile faida uliyolipia imeondoka. Januari 2017 ikaja haibridi. Sizungumzii hiyo hapa. Ukiwa na fedha za betri ya haibridi hushughuliki na makala ya namna hii.

Kwa 1NR-FE ya kabla ya 2014, nusa bomba la moshi na utazame plagi. Baadhi yake hupenda kujaza masizi na kula oili zikiwa na umri.

IST: inaonekana kubwa

IST ya kwanza ilitoka Mei 2002, na ni Vitz ya kwanza iliyovishwa bodi nyengine. Siyo maneno ya kuidharau, ni vipimo. Umbali baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,370 kwa zote mbili. Kwa hivyo anayenunua IST akidhani watoto watanyoosha miguu nyuma, atakuta nafasi ya miguu ni ile ile. Alichopata ni urefu wa paa, milango mizito kidogo, na mwili mpana. Marekani iliuzwa kwa jina la Scion xA.

NCP60 ina 2NZ-FE ya 1.3, farasi 87. NCP61 ina 1NZ-FE ya 1.5, cc 1497, farasi 109 au 110. Zote mbili otomatiki ya gia nne. Na hapa ndipo siri ya IST ilipo, si kwenye umbo. Familia ya NZ ni ile iliyotoa injini ya Prius ya kwanza mwaka 1997. 1NZ na 2NZ zina upana mmoja wa silinda, milimita 75, zinatofautiana kwa urefu wa mwendo wa pistoni, na vipuri vingi ni vya kushirikiana. Plagi, koili, vichujio, unavipata Mwanakwerekwe bila kuagiza. Fundi yeyote aliyezoea Toyota ameshazifungua. Ukiniuliza injini moja ya kuishi nayo visiwani, nitakujibu 1NZ kabla hujamaliza swali.

IST ya pili ilianza Julai 2007 ikaendelea mpaka 2016. Hii imekua kweli: umbali wa magurudumu ni milimita 2,460, na upana ni 1,725, ambao Japani unaitoa kwenye kundi la gari ndogo. Ulaya iliitwa Urban Cruiser. NCP110 ina 1NZ ile ile lakini sasa kwa CVT, na gari imezidi kilo 1,100, kwa hiyo nguvu unayoihisi ni ndogo kuliko ya NCP61. NCP115, ya magurudumu manne, ilibaki na otomatiki ya kawaida. Rimu zake ni za 16. Kabla ya kulipa, ulizia bei ya tairi nne za saizi hiyo ukalinganishe na za 14 za Vitz. Kwa upande wa sura wengi wanaipenda hii ya pili. Kwa upande wa mfuko na gereji, mimi bado niko na NCP61.

Passo: usiicheke

Passo inachekwa. Ni gari ya mwalimu, ni gari ya bibi, na kadhalika. Lakini ukiiweka kando ya Vitz ya KSP90 kwa vipimo utashangaa. Passo ya kwanza, ya Juni 2004, iliyotengenezwa na Daihatsu na ndugu yake ni Daihatsu Boon, ina umbali wa magurudumu wa milimita 2,440, mkubwa kuliko wa IST ya kwanza. Nyuma unakaa. Uzito wake ni kama kilo 900, wakati KSP90 inakaribia 1,000. Injini ya KGC10 ni ile ile 1KR. Injini moja ikibeba mzigo mdogo inavuta vizuri zaidi, na ndivyo ilivyo: kwenye foleni ya Mlandege Passo inaondoka upesi kuliko Vitz ya cc 990.

QNC10 ina K3-VE ya cc 1297, injini ile ile ya Toyota Cami, na kwa kilo hizo chache inakimbia kuliko sura yake inavyodai. Ni adimu. Toleo la pili la Februari 2010 lilihamia CVT, na la tatu la Aprili 2016 likawa la 1.0 peke yake. Hapo ukiitaka Passo yenye pistoni nne, toleo la tatu lisahau.

Hasara za Passo ziko kwenye mwili. Bati ni jembamba, mlango ukifungwa unasikia, na kwenye njia za mawe ya matumbawe za vijijini bushi na shokamzoba zinakwisha haraka. Uvungu wake haupendi matuta yetu, na matuta yetu hayana kipimo. Kwa mtu wa Fuoni au Tomondo anayekwenda kazini mjini na kurudi, sioni kwa nini alipe zaidi. Kwa mtu wa kijiji kilicho kilomita tatu ndani ya kifusi, hapana.

Honda Fit huwa inatajwa pia, na ndani ni kubwa kuliko zote hizi kwa sababu tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele na sakafu ya nyuma imekaa chini. Gari nzuri. Lakini ya kwanza ya 1.3, ya 2001, ina plagi mbili kwa kila silinda, yaani nane, na CVT yake inataka oili ya Honda wenyewe. Kama una fundi wa Honda, chukua. Kama huna, utakuwa unamfundisha fundi wako kwa gharama zako.

Giaboksi na milima ya Pemba

Aliyeko Unguja anaweza kuishi na CVT miaka bila tatizo. Pemba ni jambo jengine. Mji wa Chake umekaa juu ya kilima, Wete barabara inateremka mpaka bandarini, na Mkoani ukitoka gatini tu unaanza kupanda. Njia ya Mkoani kwenda Chake ni kona na mabonde, kupanda na kushuka, na msimu wa karafuu gari ya familia inageuka gari ya magunia kwenda kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. CVT inavutwa na mkanda wa chuma unaokamatwa na puli mbili. Mzigo mkubwa kwenye mlima mrefu unaleta joto, oili inachoka, mkanda unaanza kuteleza. Dalili yake ni injini kupiga kelele juu huku gari haiongezi mwendo.

Basi kwa Pemba nasema wazi: otomatiki ya kawaida na pistoni nne. kwanza NCP61, kisha NCP60, kisha NCP95 kama chini yake ni safi. KSP90 itapanda, lakini na watu watano na kiyoyozi itabidi uchague kimoja. Na kumbuka spea nyingi za Pemba zinasubiri meli kutoka Unguja, kwa hiyo injini iliyozoeleka ni bima.

Kosa linaloua CVT nyingi ni oili ya kubadilisha. Kwa otomatiki ya kawaida fundi anatia ATF, watu wanaiita haidroliki, na mkono umeshazoea. CVT ya Vitz ya pili na IST ya pili inataka oili ya CVT aina ya TC. Vitz ya tatu inataka FE. Akitia haidroliki ya kawaida ndani ya CVT, gari itatoka gereji inatembea vizuri tu, na baada ya muda itaanza kuruka. Muulize aliyekuuzia oili gani ilitiwa mara ya mwisho na nani. Asipojua, weka gharama ya oili mpya sahihi ndani ya bei yako.

Chumvi

Injini za NZ na KR ni za aluminiamu, na adui yao wa karibu hapa kwetu ni ndoo ya maji ya kisima. Gari ikichemka Jambiani au Kizimkazi, mtu wa kwanza kuja kusaidia anakuja na maji ya kisima cha pwani, na maji yale yana chumvi. Ukitia ndani ya rejeta ufike nyumbani, sawa, shida haina adabu. Ukiyaacha humo miezi, yanakula njia za maji, gasketi ya hedi inaanza kuvuja, na injini isiyo na kosa inaitwa mbovu. Fungua mfuniko wa rejeta gari ikiwa baridi. Ukiona kulanti ya waridi au nyekundu, vizuri. Ukiona maji ya rangi ya kutu, punguza bei au ondoka.

Nje ni hivyo hivyo. Gari zinazolala ufukweni, zinazooshwa kwa maji hayo hayo, zinapita kwenye madimbwi ya masika. Kutu haianzii panapoonekana. Inaanza chini ya vizingiti vya milango, kwenye mikanda inayoshika tangi la mafuta, kwenye bomba za breki, na kwenye chuma cha chini kinachobeba rejeta. Chukua sumaku ndogo uipitishe chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu. Isiposhika, hapo pana puti iliyopakwa rangi. Gari za kukodishia watalii zinazouzwa baada ya kazi, hasa zilizokaa Paje na Nungwi, zipimwe hivi mara mbili.

Siku ya kwenda kuangalia

Mwambie muuzaji asiiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kaa unywe kahawa mpaka ipoe, au rudi kesho. Injini ikiwashwa baridi ndipo inaposema kweli: sikiliza cheni sekunde za mwanzo, tazama moshi wa buluu nyuma, chomoa kijiti cha oili uone imebaki ngapi na ina rangi gani. Washa kiyoyozi, acha isimame kwa dakika kumi, uangalie kipimo cha joto na kama feni inaingia.

Halafu usiijaribu peke yako. Muuzaji atakupa raundi moja ya barabara ya lami, wewe na yeye, gari nyepesi. Jaza watu utakaowapakia kweli, tafuta mlima hata mdogo, simama katikati ya mlima, ondoka tena, kisha rudi nyuma kwa rivasi kwenye mlima huo huo. CVT iliyochoka inakataa rivasi ya kupanda kabla ya kukataa kitu chengine chochote. Na wakati mnarudi, muombe kadi ya gari, usome zile herufi tatu za mwanzo wa namba ya chesisi, uzilinganishe na kibati cha kwenye boneti. Zikitofautiana, hata kwa herufi moja, usitoe fedha ya kishika gari.